Mafuta mdomoni: dakika ishirini zinakwenda wapi?

Anayesukutua mafuta kwa mara ya kwanza hushawishika na kitu kimoja anachokiona kwa macho yake. Ameweka kijiko cha mafuta ya nazi mdomoni, mazito na maangavu. Ameyazungusha dakika ishirini alizoelekezwa. Akiyatema, yanatoka meupe na mepesi kama tui la maji ya mwisho. Hapo anaambiwa: "Umeona sumu zilivyotoka?" Hoja hiyo imevuta watu wengi kuliko utafiti wowote, na inafaa kuanza nayo kwa sababu si kweli.

Chukua chupa ndogo ya kioo, tia kijiko kimoja cha mafuta yaleyale na vijiko viwili vya maji ya vuguvugu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja. Utapata weupe uleule, na hakuna mdomo uliohusika. Mafuta yamevunjika kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji, mwanga unatawanywa na matone hayo, na jicho linaona rangi nyeupe. Maziwa na tui la nazi ni meupe kwa sababu hiyohiyo. Chupani mafuta yatapanda juu tena baada ya muda mfupi. Mdomoni weupe hudumu zaidi, kwa kuwa mate yana protini zenye utelezi zinazozuia matone yasiungane upesi. Na kile kinachoongezeka, kijiko kimoja kikaingia na viwili vikatoka, ni mate tu. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kinywa chenye kitu cha kuzungusha huyatoa kwa kasi zaidi. Mwenye meno yaliyosafishwa na daktari jana yake atatema weupe uleule.

Wapo wanaosema mafuta hugeuka sabuni mdomoni. Waulize kina mama wanaotengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi au ya mawese: bila kostiki soda hakuna sabuni, na mikono yao inajua ukali wa kostiki. Mate yako karibu na maji ya kawaida, pH yake ikicheza kati ya 6.7 na 7.4. Kinywa ambacho kingeweza kupika sabuni kwa dakika 20 kingekuwa kimeungua.

Nimeanza na hayo kwa sababu mtu akishaamini kwamba weupe ni sumu, ataamini pia kwamba weupe ukitoka kazi imekwisha. Hapo ndipo meno yanapoanza kupata hasara.

Asili ya desturi hii ni India. Vitabu vya kale vya tiba ya Ayurveda, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vinaitaja, na tiba hiyo hutofautisha njia mbili. Gandusha ni kujaza kinywa mpaka kisiweze kuchezeshwa, na kutulia nacho. Kavala ni kutia kiasi kidogo na kukizungusha, na ndiyo inayofanana na kusukutua tunakokujua leo. Mafuta yaliyotumika zaidi ni ya ufuta, yale ambayo Kenya huitwa ya simsim na ambayo zao lake linatoka kwa wingi Lindi na Mtwara. Jambo ambalo wauzaji wa mafuta wa leo hulipita kimya ni kwamba katika utaratibu huohuo wa kale mtu alisugua meno kwa kijiti cha mti kilichotafunwa ncha, akakwangua ulimi, na mafuta yakawa sehemu moja ya kazi ya asubuhi. Hayakuchukua nafasi ya kijiti.

Kwetu pia kijiti ndicho kilichoipa kazi hii jina. Neno mswaki limetoka kwenye Kiarabu, na kabla ya kuwa kipande cha plastiki lilikuwa mti, ambao wataalamu huuita Salvadora persica. Nyuzi zake hufika kwenye jino na kukwangua. Mafuta hayakwangui. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uti wa mgongo wa suala zima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 desturi ilipata msukumo mpya kupitia madai yaliyosambazwa kwa jina la daktari wa Ukraine, F. Karach, ambaye alitumia mafuta ya alizeti na kudai yanatibu karibu kila kitu, kuanzia kichwa kuuma mpaka magonjwa ya damu. Kutoka hapo orodha ya magonjwa haijapungua. Hakuna ushahidi wa maana kwamba mafuta mdomoni yanatibu kisukari, yabisi au ugonjwa wa moyo, na sitapoteza aya nyingine juu ya hilo. Tubaki mdomoni, ambako kuna jambo la kujadili kweli.

Tafiti zipo, na zisomwe kwa makini badala ya kunukuliwa vichwa vyake tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chennai walichapisha jaribio la wavulana 20 wenye fizi zilizovimba kwa sababu ya uchafu wa meno. Nusu walisukutua mafuta ya ufuta, nusu wakatumia klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoandikwa hospitalini. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti mwingine wa India, vijana 60 wa miaka 16 hadi 18, mafuta ya nazi kwa siku 30, na uvimbe wa fizi ukapungua. Ukiishia hapo utasema mafuta yameshinda. Lakini vijana wale 60 waliendelea kupiga mswaki kama kawaida, na hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nalo. Kijana anayejua kwamba fizi zake zitakaguliwa wiki ijayo hupiga mswaki vizuri zaidi. Sasa nafuu ile ni ya mafuta au ya mswaki?

Kuna pia ugumu usiokwepeka: huwezi kumficha mtu kwamba ana mafuta mdomoni. Kidonge cha dawa unaweza kukifananisha na cha unga mtupu, ila ladha ya nazi haifichiki, kwa hiyo kila mshiriki anajua yuko kundi gani.

Mwaka 2020 mapitio yaliyokusanya majaribio ya mafuta ya nazi yalipata manne tu yaliyofaa, yenye watu 182 kwa jumla, na waandishi wake wakasema huenda kuna manufaa ila ubora wa tafiti ni dhaifu. Mapitio mengine ya mwaka 2022 yalitoa jibu ninaloliona la thamani kuliko yote: idadi ya bakteria kwenye mate ilipungua kwa kiwango cha kuonekana, lakini vipimo vya ukoga kwenye meno na vya uvimbe wa fizi havikutofautiana vya kutosha na makundi ya kulinganisha. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakipendekezi desturi hii kama sehemu ya usafi wa kinywa.

Mate yamesafishika, jino halijasafishika. Ukiujua ukoga utaelewa kwa nini. Ule utando laini, wa rangi ya maziwa, unaokwanguka kwa ukucha pembeni mwa fizi asubuhi, si uchafu uliotua juu ya jino kama vumbi. Ni bakteria waliojijengea nyumba, wamejigandisha kwenye jino na kujifunika kwa ute mzito wanaoutengeneza kutokana na sukari tunayokula. Kimiminika kinachopita juu huchukua wale wanaoelea kwenye mate na kuwaacha walio ndani ya nyumba. Ukiachwa, ukoga hunyonya madini ya mate na kuwa ugaga, ule mgumu wa njano au kahawia nyuma ya meno ya mbele ya chini, ambao hauondoki kwa mafuta wala kwa mswaki. Unahitaji vifaa vya daktari wa kinywa na meno.

Na ile asidi ya lauri inayosifiwa? Ipo, karibu nusu ya mafuta ya nazi, na maabara inaonyesha kwamba inaua bakteria. Lakini maabara hutumia asidi iliyo huru. Ndani ya mafuta imefungwa pamoja na asidi nyingine, na mate ya mtu mzima yana uwezo mdogo wa kuifungua. Kilicho kweli kwenye sahani ya maabara hakihamii mdomoni kwa urahisi hivyo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2019 uliwaacha watu bila mswaki kwa siku 4 na kulinganisha mafuta ya nazi na klorheksidini. Ukoga ulikaribiana, na mafuta hayakuchafua meno rangi kama klorheksidini inavyofanya. Aliyewahi kutumia klorheksidini wiki mbili anajua madoa ya kahawia na ulimi unaopoteza ladha ya chakula. Kwa hiyo siwezi kusema mafuta hayafanyi kitu. Kuzungusha kimiminika kizito kati ya meno kwa muda mrefu kunalegeza mabaki ya chakula na kuchochea mate, na mate ndiyo kinga ya kwanza ya jino. Swali ni kama kazi hiyo inastahili dakika ilizopewa.

Tupige hesabu. Dakika 20 kila siku kwa mwaka ni dakika 7,300, yaani zaidi ya saa 121. Kupiga mswaki dakika 2 asubuhi na 2 usiku ni dakika 1,460, kama saa 24. Mtu aliye tayari kutoa saa 121 kwa ajili ya kinywa chake ana kitu ambacho madaktari wa meno wanakililia kwa wagonjwa wao kila siku: nia, na ukawaida wa kuifanya kazi kila asubuhi. Inaniuma kuona nia hiyo ikimwagwa yote kwenye kitu kinachosafisha mate. Mtu huyohuyo ukimuuliza, utakuta usiku analala bila kupiga mswaki, na kati ya jino na jino hakujawahi kupita uzi.

Asiyeamini ajipime nyumbani. Paka midomo mafuta ya kujipaka ili isishike rangi. Changanya matone 3 ya rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha chai cha maji, chovya kijiti cha pamba, paka meno yote mbele na nyuma, sukutua maji mara moja, kisha kaa kwenye mwanga na kioo. Ukoga hushika rangi, jino safi haliishiki sana. Fanya hivyo siku moja baada ya kusukutua mafuta peke yake, na siku nyingine baada ya kupiga mswaki dakika 2. Tazama ule mstari mwembamba jino linapokutana na ufizi, na tazama ubavuni mwa magego. Palipo wekundu ndipo jino litakapotoboka au fizi zitakapovuja damu.

Kwa anayetaka kuendelea na mafuta, na hakuna sababu ya kumkataza mtu mzima mwenye afya, afanye hivi. Aanze na kijiko cha chai kimoja, yaani mililita 5. Kijiko cha chakula kinachotajwa mara nyingi ni mililita 15, na kwa kuwa mate yatajaa juu yake, wengi hupaliwa kabla ya dakika 10. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Njombe, Arusha au Nairobi mwezi wa Julai utayakuta donge kwenye chupa. Donge litayeyuka mdomoni lenyewe kwa muda mfupi, usilipashe kwenye kijiko cha chuma juu ya moto maana kijiko kitakuunguza mdomo. Zungusha taratibu, sukuma mafuta kati ya meno na kuyarudisha, mashavu yakifanya kazi na taya ikitulia. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Taya ikianza kuuma karibu na sikio, ni kwamba unatumia nguvu ya kutafuna, punguza. Usiinue kichwa kusukutua koo. Usimeze.

Tema kwenye karatasi au mfuko wa taka. Ukitema kwenye sinki kila siku, mafuta yataganda kwenye bomba na utamwita fundi. Sukutua mara mbili kwa maji ya vuguvugu ili utelezi uondoke, halafu ndipo upige mswaki. Watu wengi hugeuza utaratibu huo, wanapiga mswaki kwanza kisha mafuta, na hapo wanaiosha floraidi ambayo ilitakiwa kubaki juu ya jino. Dawa ya meno iwe na floraidi kati ya 1,000 na 1,500, ile namba inayoandikwa kwenye tyubu ikifuatiwa na ppm. Elekeza nyuzi za mswaki kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa mshazari, nusu zikiwa juu ya jino na nusu juu ya ufizi, na usogeze kwa hatua fupi. Mwisho tema povu, usisukutue maji.

Mafuta yenyewe yawe ya kula. Madukani kuna chupa zenye picha ya nazi ambazo ni za nywele, na nyingine zina mafuta ya madini na manukato ndani yake, kwa hiyo soma maandishi madogo. Ya kupika nyumbani ni mazuri yakipikwa mpaka maji yote yaishe: tui linapochemka hutoa povu na sauti, na mafuta yanakuwa tayari sauti ikinyamaza na masalia chini ya sufuria yakawa ya hudhurungi. Yakiepuliwa mapema, maji yaliyobaki huyafanya yachache baada ya siku chache. Chuja, tia kwenye chupa kavu. Wanaoongeza mafuta ya karafuu wajue kwamba karafuu safi huunguza ngozi laini ya kinywa, na kidonda cheupe kinachobaki hudhaniwa kuwa "ugonjwa unatoka".

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye meno. Mafuta yakipita njia ya hewa, hata kidogo kidogo bila mtu kukohoa, mapafu hayana namna ya kuyaondoa upesi, na husababisha aina ya nimonia isiyosikia dawa za kuua bakteria kwa sababu haikuletwa na bakteria. Mwaka 2014 madaktari wa Korea Kusini walichapisha habari za nimonia hiyo ya kujirudia iliyohusishwa na kusukutua mafuta. Matukio kama hayo ni machache, lakini yanaeleza nani asijaribu: mtoto ambaye bado hatemi vizuri, aliyepata kiharusi na kumeza kwake kukabadilika, mzee anayepaliwa mara kwa mara na chai, mwenye mafua yaliyoziba pua. Mwenye mzio wa ufuta aepuke mafuta yake. Mwenye meno ya bandia ayatoe kwanza.

Nchi yetu ina jambo jingine la kuongeza hapa. Wakazi wa miteremko ya Meru na maeneo kama Maji ya Chai mkoani Arusha wamekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi kupita kiasi, na meno yao yana madoa ya kahawia ambayo wengi huyaonea haya. Wao ndio wanaouziwa mafuta kwa ahadi ya kung'arisha. Doa hilo liliingia ndani ya jino lilipokuwa likijengeka utotoni, kabla halijaota. Haliko juu. Hakuna kiasi cha mafuta, mkaa au ndimu kitakacholifikia, na ndimu itakula jino lenyewe. Anayetaka kulipunguza ana njia zake kwa daktari. Wala asiikimbie dawa ya meno yenye floraidi kwa kuogopa doa. Yaliyomdhuru ni maji aliyoyameza miaka mingi akiwa mtoto, ilhali dawa ya meno hupakwa na kutemwa. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere, na mzazi awe karibu.

Jino lililokwisha kutoboka halizibiki kwa mafuta. Linaloshtuka kwa maji baridi na kutulia mara moja bado lina nafasi nzuri ya kuzibwa. Linalouma lenyewe usiku, au maumivu yakidumu baada ya chai ya moto, bakteria wameshafika kwenye mshipa wake, na kila wiki ya kusukutua ni wiki ya kuusogelea ung'oaji. Siku nyingine maumivu hukatika ghafla, mtu akashukuru mafuta, kumbe mshipa umekufa na usaha unajikusanya mwishoni mwa mzizi. Fizi zinazotoka damu zikisafishwa vizuri kwa mswaki na uzi hutulia ndani ya wiki mbili hivi. Zisipotulia kuna ugaga chini ya ufizi. Na ukiona uvimbe chini ya taya, homa, mate yanayokwama kumezwa, au mdomo usiofunguka zaidi ya upana wa vidole viwili, weka chupa ya mafuta chini na uende hospitali usiku huohuo, usisubiri asubuhi.